Kutoka Gombolola hadi Jiji: Historia ya Ruzuku za Maendeleo katika Jinja na Mbale, Mashariki mwa Uganda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya ruzuku za maendeleo zilizopelekwa kwa serikali za mitaa za Jinja na Mbale tangu ugatuaji wa madaraka ulipoanza nchini Uganda mwaka 1993 hadi miji hiyo ilipopandishwa hadhi kuwa majiji na miaka michache iliyofuata. Yanafuatilia mikondo miwili: fedha za kufufua katikati ya mji na fedha za miundombinu ya vijijini. Hoja kuu ni kwamba mafanikio ya ruzuku hayakutegemea ukubwa wake pekee, bali yalitegemea zaidi umbali uliokuwapo baina ya mwenye kuamua matumizi na mwenye kutumia barabara, kisima au soko. Makala yanaonesha kwamba Jinja ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizojaribu utaratibu wa ruzuku unaopima utendaji, kwamba maamuzi ya mwaka 2005 yaliudhoofisha msingi wa utaratibu huo, na kwamba hadhi ya jiji imeufanya umbali uliotajwa kuwa mkubwa zaidi kwa wakazi wa vijiji vilivyomezwa na mji.

Istilahi muhimu: ruzuku, ugatuaji, gombolola, muluka, mapato ya ndani, Jinja, Mbale

1.0 Utangulizi

Tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zilianza kuhesabiwa kuwa majiji. Wakulima wa Budondo na Mafubira, ambao hadi siku iliyotangulia walikuwa wakazi wa gombolola za wilaya ya Jinja, waliamka wakiwa wakazi wa jiji. Mashamba yao hayakuhama, na njia za kwenda kisimani zilibaki zilivyokuwa. Kilichobadilika ni mkondo wa fedha. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, baraza la gombolola, yaani ngazi iliyo kati ya wilaya na muluka, hubaki na asilimia 65 ya mapato linayoyakusanya na kupeleka asilimia 35 wilayani. Katika jiji au manispaa, baraza la divisheni hubaki na asilimia 50 tu, na nusu nyingine huenda juu. Kwa hiyo kupanda hadhi kwa mji kulikuwa, kwa mkulima wa Budondo, kupungua kwa sehemu ya fedha inayoamuliwa karibu naye.

Tukio hilo linaibua swali linalojadiliwa hapa: ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuamua matumizi ya fedha za maendeleo katika miji hii miwili na vijiji vyake, na mamlaka hayo yalihama vipi kutoka mkono mmoja hadi mwingine? Mijadala ya sera aghalabu hujikita katika kiasi cha fedha. Historia ya Jinja na Mbale inaonesha kwamba njia ya fedha ina uzito usiopungua ule wa kiasi.

2.0 Mifuko miwili: urithi wa kikoloni

Mgawanyiko wa mji na kijiji katika masuala ya fedha haukuanza na ugatuaji. Jinja ilikua kwa nguvu ya usafirishaji na umeme. Reli ya Busoga kutoka Jinja hadi Namasagali ilifunguliwa mwaka 1912. Daraja la reli juu ya mto Nile likauunganisha mji na Kampala mwaka 1931. Na bwawa la Owen Falls likazinduliwa mwaka 1954. Viwanda vilifuata umeme, kikiwamo kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile Industries na kile cha kuyeyusha shaba iliyotoka Kilembe. Katika barabara ya Main Street wafanyabiashara wenye asili ya Asia walijenga maduka yenye makazi orofani, ambayo hadi leo ndiyo sura ya katikati ya mji.

Mbale ilikuwa na chanzo tofauti. Semei Kakungulu aliweka makao yake hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na mji ukakua kama soko la mazao ya miteremko ya Mlima Elgon, hasa kahawa. Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu kiliundwa mwaka 1954, mwaka uleule bwawa la Jinja lilipozinduliwa. Jinja ikawa mji wa viwanda, Mbale mji wa mazao. Lakini yote miwili ilitawaliwa kwa sheria za miji zilizoitenga na vijiji vilivyoizunguka.

Vijijini utawala ulipitia kwa machifu wa saza, gombolola na muluka, ambao walikusanya kodi ya kichwa na kusimamia kazi za pamoja. Kazi hizo zilijulikana kwa jina la Kiganda la bulungi bwansi, yaani wema wa nchi: kusafisha njia, kutengeneza vivuko na kutunza chemchemi. Sheria ya Serikali za Mitaa za Waafrika ya mwaka 1949 iliyapa mabaraza ya wilaya uhai wa kisheria, lakini mfuko wa mji ulibaki mbali na mfuko wa kijiji. Barabara ya mjini ililipiwa kwa kodi ya majengo na ada za biashara. Ile ya kijijini ililipiwa kwa kodi ya kichwa na jasho la wanakijiji.

Mihimili yote miwili ilitikiswa baada ya uhuru. Sheria ya mwaka 1967 iliyaweka mabaraza ya wilaya chini ya uangalizi mkali wa waziri. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, na majengo yao yakawekwa chini ya bodi ya udhamini. Kwa Jinja pigo hilo lilikuwa kubwa kuliko kwa miji mingi, kwa sababu sehemu kubwa ya majengo ya katikati ya mji ilikuwa mali yao. Nyumba zilipata wapangaji lakini zikakosa mwenye wajibu wa kuzikarabati. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kurejesha mali hizo, na urejeshaji mwingi ukafanyika katika miaka ya 1990. Kwa takriban miongo miwili, basi, chanzo cha asili cha fedha za kutunza mji kilikuwa kimezibwa.

3.0 Ugatuaji na aina tatu za ruzuku

Mabaraza ya Upinzani yaliyoanzishwa na serikali ya National Resistance Movement baada ya mwaka 1986 yalirudisha uchaguzi wa viongozi hadi ngazi ya kijiji. Sera ya ugatuaji ilitangazwa rasmi Oktoba 1992, ikafuatiwa na sheria ya mwaka 1993. Wilaya 13 ziliingizwa katika kundi la kwanza, na Jinja na Mbale zilikuwa miongoni mwake. Katiba ya mwaka 1995, katika Ibara ya 193, iliainisha ruzuku za aina tatu: isiyo na masharti, yenye masharti na ya kusawazisha. Sheria ya mwaka 1997 ilikamilisha mfumo kwa kugawa majukumu na mapato kati ya ngazi mbalimbali. Miongoni mwa vifungu vyake ni kile kinachotaka robo ya fedha zinazobaki gombololani ifike katika baraza la kijiji.

Haja ya utaratibu mpya wa kufikisha fedha ilithibitishwa na uchunguzi wa mwaka 1996 uliofuatilia fedha za elimu. Ilibainika kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule za msingi zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ya matumizi yasiyo ya mishahara iliyotengwa kwa ajili yake. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo wizarani, ila halikufika kwa mwenye mali. Serikali ilianza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika taarifa hizo hadharani.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha zilizoongezeka mwishoni mwa miaka ya 1990, hasa kupitia Mfuko wa Kupambana na Umaskini ulioanzishwa mwaka 1998 baada ya Uganda kupata nafuu ya madeni, ilikuwa ya ruzuku zenye masharti. Wizara ndiyo iliyoamua kwamba fedha ni za madarasa, maji au barabara. Wilaya ilitekeleza.

4.0 Jinja kama shamba darasa

Katika mazingira hayo jaribio la tofauti lilifanyika Jinja. Mradi wa Maendeleo ya Wilaya, uliofadhiliwa na Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Maendeleo ya Mitaji, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika wilaya tano: Arua, Jinja, Kabale, Kotido na Mukono. Lengo lake lilikuwa kupima iwapo Sheria ya mwaka 1997 ingeweza kutekelezwa kama ilivyoandikwa, kwa kuyapa mabaraza fedha za ujenzi ambazo yenyewe yangeamua matumizi yake ndani ya majukumu yaliyowekwa na sheria.

Utaratibu ulikuwa na nguzo nne. Kwanza, kila baraza lilijulishwa mapema kiasi ambacho lingeweza kutarajia, ili mipango ifuate uwezo na isiwe orodha ya matamanio. Pili, mgawo wa kisheria ulizingatiwa: asilimia 35 kwa wilaya na asilimia 65 kwa gombolola. Tatu, baraza lilipaswa kutimiza masharti ya msingi kabla ya kupokea chochote: mpango wa maendeleo wa miaka mitatu, hesabu zilizofungwa, ukaguzi wa ndani unaofanya kazi, na mchango wake wa asilimia 10. Nne, utendaji ulipimwa kila mwaka. Lililofanya vizuri liliongezewa asilimia 20 ya mgawo wake, na lililozembea likapunguziwa kiasi hichohicho.

Nguzo hizi zilibadilisha maana ya uwajibikaji. Katika ruzuku yenye masharti, diwani aliyeulizwa kwa nini kivuko hakikujengwa aliweza kuelekeza kidole Kampala. Chini ya utaratibu mpya fedha zilijulikana, uamuzi ulifanyika gombololani, na adhabu ya kutofunga hesabu iliwaangukia wananchi wote wa gombolola hiyo. Mchango wa asilimia 10 ulikuwa na kazi kubwa kuliko thamani yake: mlipa kodi aliyekuwa na shilingi yake ndani ya mradi alikuwa na sababu ya kuulizia shilingi tisa zilizobaki.

Kuanzia mwaka 2000 utaratibu huo ulipanuliwa kuwa Programu ya Maendeleo ya Serikali za Mitaa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mbale na wilaya nyingine ziliingia, na kwa manispaa mgawo ukawa nusu kwa nusu kati ya manispaa na divisheni zake. Tanzania ilianzisha ruzuku yake ya maendeleo ya mitaji kwa serikali za mitaa katika mwaka wa fedha 2004/05 kwa misingi inayofanana.

Jaribio hilo halikukosa kasoro. Fedha za gombolola, zilipogawanywa kwa kila muluka ili kuepusha malalamiko, mara nyingi zilizaa miradi midogo iliyotawanyika. Aidha, mwanakijiji asiye na sauti barazani hakupata sauti kwa sababu tu baraza lilikuwa karibu. Lakini kasoro hizo zilionekana na kusahihishika mahali palepale zilipotokea.

5.0 Mwaka 2005 na kukatika kwa mzizi

Mchango wa asilimia 10 ulitegemea mapato ya ndani, na mhimili wa mapato ya ndani vijijini ulikuwa kodi ya kichwa iliyopangwa kwa viwango. Kodi hiyo ilichukiwa, na kwa sababu za haki. Ilimlemea maskini kuliko tajiri, na ukusanyaji wake uliambatana na misako na kukamatwa kwa walioshindwa kulipa. Ilipofutwa mwaka 2005, uchaguzi mkuu wa 2006 ukikaribia, wananchi walishangilia. Serikali kuu ilitoa fidia kwa mabaraza, lakini fidia hiyo haikufikia pengo lililoachwa. Kodi ya huduma za mitaa na kodi ya hoteli zilizoanzishwa mwaka 2008 zilitegemea watu wenye ajira rasmi na vitega uchumi vya mjini. Gombolola ya wakulima haikuwa na vingi vya hivyo.

Mambo mengine mawili yalitokea katika kipindi hichohicho. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalihamishia serikali kuu uteuzi wa Maofisa Watawala Wakuu wa wilaya, ambao ndio wasimamizi wa hesabu. Mjini, Sheria ya Kodi ya Majengo ya mwaka 2005, pamoja na marekebisho yaliyofuata, iliyaondoa katika kodi majengo ya makazi yanayokaliwa na wamiliki wenyewe. Kijiji kilipoteza kodi yake, wilaya ikapoteza mamlaka juu ya mtendaji wake, na mji ukapoteza sehemu ya msingi wa kodi yake.

Baraza la kijiji nalo liliachwa likae muda mrefu kupita kiasi. Uchaguzi wa mabaraza ya kijiji na muluka uliofanyika mwaka 2001 haukurudiwa hadi Julai 2018, yaani baada ya miaka 17. Ngazi iliyopaswa kuhoji matumizi ya ruzuku iliongozwa kwa muda huo na watu ambao mamlaka yao ya kuchaguliwa yalikuwa yamechakaa.

Wakati huohuo wilaya ziliongezeka kutoka 33 mwaka 1986 hadi zaidi ya 130 ilipofika mwaka 2020. Mbale ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 iligawanyika na kuzaa Sironko, Manafwa, Bududa na nyinginezo, na kila wilaya mpya ilihitaji ofisi, magari na mishahara kabla ya kujenga kivuko cha kwanza.

6.0 Kurudi katikati ya mji

Mabaraza yalipokuwa yamepungukiwa mapato, fedha kubwa zilielekezwa mijini. Programu ya kuboresha masoko, iliyopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2009, ilijenga upya masoko makuu ya Jinja na Mbale katika awamu yake ya kwanza. Mwaka 2010 ulianza mpango wa kuboresha makazi ya maskini wa mijini katika manispaa tano, zikiwamo Jinja na Mbale. Mpango huo ulikuwa na mfuko mdogo wa kugharimia miradi iliyoibuliwa na wakazi wenyewe wa makazi duni, na uliunda mabaraza ya majadiliano ya manispaa yaliyowakutanisha viongozi, wafanyabiashara na wakazi hao.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 2013, Benki ya Dunia ilipoidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa programu ya miundombinu ya manispaa, maarufu kwa kifupi cha USMID. Manispaa 14 zilihusika, Jinja na Mbale zikiwamo. Mwaka 2018 ziliongezwa dola milioni 360, na idadi ya manispaa ikafika 22. Kanuni yake ilikuwa ileile iliyojaribiwa katika wilaya tano miaka 15 kabla: masharti ya msingi, kipimo cha kila mwaka, na malipo kulingana na matokeo. Katikati ya miji hii barabara zilizokuwa zimechimbika kwa miongo zilijengwa upya zikiwa na mitaro, njia za waendao kwa miguu na taa.

Manufaa hayo ni ya kweli, lakini kulinganisha na jaribio la mwanzo kunafichua tofauti mbili. Ruzuku ya kwanza ilipeleka sehemu kubwa gombololani. Hii ilibaki makao makuu ya manispaa, kwa kuwa barabara za lami zilihitaji mikataba mikubwa na wahandisi. Pia ruzuku ya kwanza ilikua pamoja na kodi ya wenyeji, ilhali hii ilifika wakati kodi hiyo imekwisha kudhoofika. Barabara ya lami hujengwa mara moja, lakini mitaro yake huzibuliwa kila msimu wa mvua. Kazi hiyo haimo katika mkopo. Inategemea bajeti ya kawaida ya baraza.

Mkopo, isitoshe, hufuata mwenendo wa mkopeshaji. Agosti 2023 Benki ya Dunia ilisitisha ufadhili mpya kwa Uganda baada ya kupitishwa kwa sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, na usitishaji huo ulidumu kwa karibu miaka miwili. Mji ambao ukarabati wake umetegemea chanzo kimoja cha nje hauna udhibiti wa kalenda yake wenyewe.

7.0 Jiji na muluka

Mageuzi ya mwaka wa fedha 2016/17 yaliunganisha ruzuku kadhaa za ujenzi kuwa Ruzuku ya Maendeleo ya Hiari na Kusawazisha. Jina lake lilirejesha msamiati wa hiari, ingawa miongozo ya matumizi iliendelea kuandikwa makao makuu ya serikali.

Mabadiliko ya mwaka 2020 yalifuata. Jiji la Jinja lilipewa divisheni mbili tu, ya Kaskazini na ya Kusini. Mbale ikapewa ya Kaskazini na ya Viwanda. Gombolola zilizomezwa zilipoteza mabaraza yaliyokuwa yakipanga na kupokea ruzuku kwa jina lao. Mkazi wa Budondo anayetaka kivuko sasa anashindana, ndani ya baraza moja la divisheni, na mahitaji ya mitaa yenye watu wengi zaidi.

Tarehe 26 Februari 2022 serikali ilizindua Mfumo wa Maendeleo wa Muluka mjini Kibuku, si mbali na Mbale. Shilingi milioni 100 kwa mwaka zilikusudiwa kila muluka. Kwa umbali, hakuna ruzuku iliyowahi kufika karibu zaidi na kaya. Lakini fedha hizo ni mikopo kwa kaya kupitia ushirika wa akiba na mikopo wa muluka. Zinaweza kununua kuku na mbegu, ila haziwezi kujenga barabara ya kufikisha mayai sokoni. Muluka umepata mfuko wa watu binafsi huku mfuko wake wa pamoja ukibaki mwembamba.

Gharama ya wembamba huo ilionekana Mbale usiku wa tarehe 30 Julai 2022. Mito Nabuyonga na Namatala, ishukayo kutoka milimani, ilifurika na kuua zaidi ya watu 20. Mvua ilikuwa kubwa, na hakuna bajeti inayozuia mvua. Lakini maji yaliyoufikia mji yalianzia kwenye miteremko inayolimwa na kukatwa miti nje ya mipaka ya jiji. Mfuko wa mji ukijenga mitaro bila mfuko wa kijiji kutunza kingo za mto huko juu, kazi ya wa kwanza husombwa. Mgawanyiko wa kikoloni wa mifuko miwili haukuwahi kuwa na maana kwa mto.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia hii haithibitishi kwamba kila kinachoamuliwa karibu ni chema. Inathibitisha jambo lenye mipaka zaidi: katika Jinja na Mbale ruzuku ilijenga uwajibikaji pale mambo matatu yalipokutana, yaani kiasi kinachojulikana mapema, baraza la karibu lenye hiari ya kweli, na mchango wa wenyeji. Palipokosekana la tatu, majengo yalisimama lakini utunzaji ulilegea. Lilipokosekana la pili, wananchi walibaki watazamaji wa miradi mizuri.

Mapendekezo manne yanatokana na hoja hiyo. Kwanza, mgawo wa asilimia 50 uangaliwe upya kwa maeneo ya mashambani yaliyoingizwa majijini, ili yasipoteze kwa kuwa mji kile yaliyokuwa nacho yakiwa gombolola. Pili, kila ruzuku ya ujenzi iambatane na ahadi ya bajeti ya utunzaji inayokaguliwa katika kipimo cha kila mwaka. Tatu, msingi wa kodi ya majengo upanuliwe kwa namna inayomlinda maskini, kwa kuwa kurudisha kodi ya kichwa si haki wala si busara. Nne, taarifa za mgawo zibandikwe katika lugha zinazosomwa na wenyeji. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Julai 2022 hatua za kukifanya Kiswahili lugha rasmi. Mbao za matangazo za divisheni, pamoja na Lusoga na Lugisu, ni mahali pafaapo pa kuutekeleza uamuzi huo.

Mwaka 1998 mwenyekiti wa gombolola wilayani Jinja aliweza kujua, kabla mwaka wa fedha haujaanza, kiasi ambacho baraza lake lingepata na sharti la kukipata. Kipimo rahisi cha sera ya leo ni iwapo mwenyekiti wa kijiji cha Budondo, sasa ndani ya jiji, anaweza kujua vivyo hivyo.